Mwaka Tuliokariri Minnesota

Kogo tulimzika Alhamisi, na Ijumaa asubuhi mjukuu wake aliyekuja kutoka Marekani alinikuta jikoni nikiwachemshia chai watu waliolala kwetu. Kogo ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita nyanya, na huyu wetu alikuwa ameishi miaka mingi hivi kwamba kwenye matanga kila mtu alitaja umri wake. Mjukuu mwenyewe anaitwa Brian, ana miaka ishirini na kidogo, ni mrefu hadi inambidi ainame mlangoni mwangu, na Kiswahili chake hutembea kwa kuchechemea. Nilitaka tu tuwe na la kusema wakati maziwa yakipanda. Nikamwuliza kama ndege wa jimbo lao bado ni yule loon, mweusi mwenye madoa meupe na jicho jekundu. Akacheka. Nikaendelea, maana nikianza huwa sijui kuacha: mji mkuu ni Saint Paul, mti ni msonobari mwekundu, samaki ni walleye, nafaka ni mchele wa mwituni, kinywaji ni maziwa, bendera ni ya buluu na katikati ina muhuri wa mtu anayelima. Brian alitoa simu akawa ananisahihishia kama karatasi ya mtihani. "Auntie, for real? Hata mimi sijui hii yote, na mimi nimezaliwa huko." Kisha akapata kosa moja. "Bendera hapana. Walibadilisha juzi juzi." Akanionyesha kitambaa cha buluu chenye nyota moja nyeupe ya pembe nane. Hakuna mtu, hakuna jembe, hakuna farasi. Nilikasirika kidogo, kama mtu aliyehamishiwa vitu vyake akiwa sokoni. Akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia, hapa hapa Kiptere, kwenye nyumba ya Kogo, mwaka ule mama yako alipokuwa na mimba yako. Baba yake, Wesley, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Aliniangalia, akainywa chai yake yote kwa mara moja, akatoka kwenda kuona ng'ombe.

Mimi sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, nimevuka arobaini, na mengi niliyofundishwa na watu waliosomea kazi hiyo yamenitoka kichwani. Minnesota haijanitoka. Niliisoma nikiwa na miaka kumi na tisa, mwaka niliomaliza kidato cha nne na kupata alama ambazo hakuna chuo kilichozitaka, nikarudi kuchuma chai kwenye shamba la Kogo. Nilikuwa na ulimi mkali na huruma nyingi kwa nafsi yangu. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumemzika baba yangu, kifungua mimba wa Kogo, na tangu siku hiyo Kogo hakulitaja jina lake hata mara moja. Akilazimika kumsema alisema "yule". Koti lake lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango wa sebuleni, na kila aliyeingia alilisukuma na mlango, na hakuna aliyethubutu kuliondoa.

Sebule hiyo ndiyo ilikuwa darasa letu. Kuta zilikuwa za udongo zilizobandikwa magazeti ya zamani, viti vilikuwa na vitambaa vya kufuma ambavyo Kogo alivifua kila Jumamosi, na kwenye pembe vilining'inia vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kwa masizi ya mkaa, hivi kwamba chumba kizima kilinukia moshi na maziwa. Habari ilitufikia humo humo. Wesley, mdogo wake baba, alikuwa ameenda Minnesota kusoma akabaki huko akifanya kazi, akamwoa Mercy, msichana wa Merigi aliyekuwa nesi huko huko Minnesota. Sasa Mercy alikuwa na mimba, angejifungua mwezi wa kumi na mbili, na Wesley alitaka mama yake aende. Watu wa kanisani walifikiri anaitwa kwenda kubeba mtoto na kuosha nepi. Kogo aliwaacha wafikiri hivyo. Mimi aliniambia ukweli tukiwa tunachuma chai, bila kuinua kichwa. "Nani atamwitia majina?"

Kwetu mtoto akizaliwa, kina mama wa upande wa baba huketi naye na kuita majina ya wale waliotangulia katika ukoo, moja moja, huku wakimchokoza pua kwa tumbako kidogo. Likitajwa jina na mtoto akapiga chafya, basi limeisha, huyo ndiye aliyerudi, na mtoto ataitwa hivyo nyumbani hata kama kanisani atabatizwa jina lingine. Mama yake Mercy hangeweza kufanya kazi hiyo kwa sababu majina ni ya kwetu, na huko Minnesota hakukuwa na mama hata mmoja wa ukoo wetu. "Nisipofika," Kogo alisema, "huyo mtoto atakaa bila mtu wake." Aliitupa konzi ya majani kwenye kapu. "Na walioko kule chini wanangoja." Sikuuliza wanaongoja ni akina nani. Nilimjua mmoja, na yeye alijua kwamba namjua.

Shida ilikuwa viza. Aliyejua mambo ya viza kwenye mlima wetu, au aliyejiamini kwamba anajua, ni Mwalimu Ondieki, Mkisii aliyekuja kufundisha shule ya jirani akanunua kishamba kilichopakana na chetu. Alikuwa mtu mwema, mwenye masharubu yaliyonyooshwa kwa rula, na aliamini kwamba kila kitu chini ya jua ni mtihani. Alikuja jioni moja, akaketi chini ya koti la baba bila kujua ni la nani, akatuambia habari ya mtu wa Kaplong aliyeenda kuomba viza, akaulizwa anakoenda ni wapi na mji mkuu wake ni upi, akatoa macho tu. Akanyimwa. "Mama," Mwalimu alimwambia Kogo, "hiyo ni interview. Mtu anayejibu maswali yote hawawezi kumnyima. Chebet yuko hapa, hana kazi. Wacha akusomeshe." Ile "hana kazi" iliniuma, lakini nilikuwa nimeshasimama kutafuta kalamu. Nilikuwa nimeanguka mtihani wangu mwenyewe. Huu wa Kogo sikukusudia kuuanguka.

Wesley alitutumia kalenda. Ilikuwa na picha kumi na mbili, kila mwezi alama moja ya jimbo, na chini ya kila picha maelezo mafupi kwa Kiingereza. Tuliitundika kati ya picha ya kwaya na saa iliyokuwa imekufa. Saa nane mchana, tukitoka kupeleka majani kituoni, tulikula kimnyet, yaani ugali, na mboga chungu za isagek zilizochemshwa na maziwa, kisha Kogo alifuta meza kwa kiganja, akaketi mbele ya kalenda na mikono mapajani, nami nikaanza. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa ameshika ukoo mzima kichwani, na dawa za ng'ombe, na nyimbo zote za kanisa bila kitabu, kwa hiyo kukariri hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba hakukubali kukariri kitu bila kukijadili.

Ndege alimpenda siku ya kwanza. Nilimweleza kwamba loon hulia kwa sauti ndefu ziwani, na kwamba hubeba vifaranga mgongoni akiogelea. Akasogea hadi pua ikakaribia kugusa karatasi. "Ana madoa ya kanga," alisema, "na mtoto anambeba kama sisi. Mzuri." Mji mkuu pia haukuleta ubishi, maana aliona ni jambo la busara mji kupewa jina la mtume. Samaki alimkataa kabisa. Kogo hakuwahi kula samaki maishani, na huyu walleye alikuwa na macho meupe ya kung'aa kama glasi. "Nikifika watanilazimisha kula huyo?" Nikamwambia hapana. "Basi nitamtaja, lakini usiniulize zaidi." Mchele wa mwituni ulimpendeza aliposikia kwamba unaota wenyewe majini, na kwamba watu wa asili wa huko huuvuna kwa mtumbwi, wakiupiga kwa vijiti uanguke ndani, na mwingine wakauacha uanguke majini uote tena. "Hao wanajua kuchuma," alisema mchuma chai.

Maua yalituchukua mchana mzima. Ua la Minnesota ni la waridi na jeupe, limejikunja kama ndara ya mwanamke, na sheria ya huko inakataza kulichuma. Kogo alinifanya nirudie maelezo hayo. "Unakatazwa kuchuma?" "Ndiyo, Kogo." "Kwa nini?" "Huchukua miaka mingi kuchanua." Alitazama vidole vyake vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Alianza kuchuma majani kwenye mashamba makubwa kabla hajaolewa, wakati msimamizi alipokuwa akipita nyuma yako na fimbo akihakikisha unachukua majani mawili na kichipukizi, si zaidi. "Ningependa kuishi mahali penye kitu hakichumwi," alisema. Hiyo ni mojawapo ya sentensi chache za Kogo ambazo ninazikumbuka neno kwa neno, pengine kwa sababu sikuwa nimewahi kumsikia akitamani jambo.

Siku ya maziwa ilikuwa sherehe. Nilipomwambia kwamba serikali ya jimbo hilo ilikaa chini ikapitisha sheria kwamba kinywaji chao rasmi ni maziwa, alisimama, akaenda uani kumwita Mwalimu Ondieki kwa sauti, na Mwalimu akaja mbio akidhani kuna msiba. "Mwalimu! Umesikia? Hawa watu kinywaji yao ni maziwa! Si chai, si soda!" Mwalimu alithibitisha kwa kusoma maelezo mwenyewe, akiwa ameinua kidole. "Hao ni watu kabisa," Kogo akasema. Tangu siku hiyo hakuogopa tena kwenda. Hata baridi aliikubali, nilipomwambia awaze mvua ya mawe, ile inayotukatia chai yote kwa dakika chache, lakini laini, na haiyeyuki hadi mwezi wa nne. Alisema ng'ombe wanaovumilia hivyo lazima wawe na maziwa mazito.

Maziwa ya aina nyingine ndiyo yalitugombanisha. Minnesota hujiita nchi ya maziwa elfu kumi, na kalenda iliongeza kwamba ukiyahesabu vizuri yanazidi hapo. Kogo hakulitaka neno hilo kinywani mwake. Kwetu, na ni vizuri nieleze hapa, vitu alivyotoa Mungu havihesabiwi. Ng'ombe unawajua kwa rangi na majina, watoto vivyo hivyo. Anayetaja idadi yao anakaribisha kitu kije kuwapunguza. Hata leo, msomi kama mimi, siandiki hapa Kogo alikuwa na watoto wangapi. Siku hiyo nilibishana naye kwa kiburi cha mtu wa kidato cha nne, nikamwambia haya ni maji tu, hayatakufa. Mwishowe akakubali kusema "maziwa mengi sana", nami nikaona nimeshinda, nikageuza ukurasa. Mara nyingi nimeurudia mchana huo. Jibu lilikuwa mbele yangu, limekaa kitini, limekunja mikono, na mimi nikaruka kwenda kwa kipepeo wa mwezi uliofuata.

Bendera tuliiacha mwisho kwa sababu ilikuwa na vitu vingi. Kwenye muhuri kulikuwa na mzungu anayelima kwa plau, bunduki yake imeegemea kisiki, na nyuma yake mtu wa asili juu ya farasi, anaondoka. Juu kulikuwa na maneno ya Kifaransa yanayosema Nyota ya Kaskazini, nyota ambayo Mwalimu Ondieki alituambia haionekani kabisa kutoka Kiptere. Kogo hakujali nyota. Aliweka kidole juu ya mpanda farasi. "Huyu anakwenda wapi?" Nikatafuta kwenye maelezo. "Haijaandikwa, Kogo." Aliangalia nje ya dirisha. Kutoka sebuleni kwake, ng'ambo ya bonde, unaona mashamba makubwa ya chai yamenyooka hadi msitu unapoanzia, mahali ambapo baba yake alizaliwa, akahamishwa na wazungu, na hakuzikwa. "Mimi najua anakokwenda," akasema, akaniambia niendelee. Brian aliponionyesha nyota yao mpya ya pembe nane, hilo ndilo lililonikasirisha. Sina ubishi na kumwondoa. Lakini Kogo alimtambua mtu yule akiwa upande wa pili wa dunia, na sasa hayupo tena wa kutambuliwa.

Kufikia mwezi wa nane Kogo alijua kila kitu. Ungemwuliza akiwa chini ya ng'ombe anakamua, angekujibu bila kupoteza mdundo. Tulikwenda Nairobi, tukalala kwa binamu, na asubuhi nilimfunga kitambaa chake cha buluu, nikampanguza viatu, nikamwacha kwenye foleni ya ofisi ya viza. Wasindikizaji hawakuruhusiwa kuingia. Nilisimama ng'ambo ya barabara pamoja na watu wengine waliokuwa na wazee wao ndani, kila mmoja akitazama mlango, na nilijisikia kama mwalimu siku ya matokeo. Alitoka karibu saa sita, anatembea wima, anatabasamu, karatasi mkononi. "Nimepita," aliniambia hata kabla hajafika. "Amecheka sana yule kijana. Amemwita mwenzake aje asikie." Nilimkumbatia. Kisha nikaisoma karatasi.

Ilisema hakuonyesha kwamba ana mambo ya kutosha ya kumrudisha nyumbani. Niliisoma mara mbili ili nipate muda. Kogo alinitazama usoni, na tabasamu lake likaondoka taratibu. "Walikuuliza nini?" nikamwuliza. Alinieleza tukiwa tumekaa kwenye ukingo wa barabara, na hakuharakisha hata neno. Nyuma ya kioo alikuwa kijana mzungu, na kando yake dada Mkenya wa kumtafsiria. Waliuliza ana watoto wangapi. Akasema, wapo. Wangapi hasa? Akasema Mungu ndiye anajua. Waliuliza ana ng'ombe wangapi. Akasema, wako, asante. Shamba lake ni ekari ngapi? Akasema linatutosha. Yule dada alimwomba kwa upole ataje hata namba moja tu. Kogo akatabasamu tu. "Nikaona kijana amekwama, hana swali lingine," Kogo aliniambia. "Nikamwonea huruma, nikamsaidia. Nikamwambia ndege, nikamwambia mji, mti, samaki, maziwa, yote, hadi kipepeo. Hakuniuliza hata moja, Chebet. Nilimpa mwenyewe." Akaikunja karatasi mara nne. "Kwani hawajui kwamba mtu mwenye ng'ombe lazima arudi kukamua?"

Sijawahi kuona aibu kama ile. Yeye hakunilaumu, na ndiyo maana iliniingia hadi mfupani. Nilikuwa nimemfundisha samaki asiyemla na nyota asiyoiona, na sikumwandaa kwa swali ambalo mtoto wa darasa la pili angelitegemea, nami nilikuwa nimeshaonyeshwa kwa macho yangu kwamba hatalijibu. Tuliporudi, Mwalimu Ondieki alikuja na sukari kama anayekuja matanga, akaketi ukingoni mwa kiti. Kogo alimwambia, "Mwalimu, ile ndege hakuna mtu aliuliza." Mwalimu akainamisha kichwa. "Mama, nisamehe. Nilifikiria ni kama ya shule." Alishauri tuombe tena, lakini sote tulijua mtoto hawezi kungoja foleni ya pili. Nilitaka kuing'oa ile kalenda niitie moto. Kogo alinizuia. "Kalenda imekosa nini? Wacha nione mwezi wa kumi na mbili una nini."

Miezi iliyofuata nyumba ilipoa. Kogo alichuma chai, akakamua, akaimba kanisani, na jioni aliketi mbele ya kalenda bila kuniomba nimsomee. Wakati mwingine nilimsikia akinong'ona, na mwanzoni nilidhani anarudia ndege na samaki. Halafu nikasogea. Alikuwa anapanga majina ya watu wetu waliokufa, kutoka wa zamani kabisa kuja chini, akikosea anaanza upya. Akifika karibu na mwisho alinyamaza kwa muda, akaanza tena juu. Nilihesabu anakonyamaza. Ni mahali pa baba yangu.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi na mbili ulipoanza, theluji ikiwa imeshashuka, na siku ya nne Kogo alinituma kwa Mwalimu Ondieki. Mwalimu ndiye pekee aliyekuwa na simu ya mkononi upande wetu. "Mwambie nitaitia hapo ndani," alisema, kana kwamba ameamua kupika nje kwa sababu jikoni kunavuja. Wesley alisita tulipompata. Alikubali majina, akakataa tumbako. "Mama, hapa nikimwekea mtoto tumbako puani nitashikwa." Wakapatana kwamba Mercy atamchokoza pua kwa kona ya karatasi laini. Saa kumi alasiri, kwao asubuhi, tulipanda hadi mwisho wa shamba la chai, kwenye jiwe ambalo Mwalimu alikuwa amelipaka chokaa kuonyesha mahali netiwaki inasimama. Kogo alivaa gauni la Pasaka. Alibeba kibuyu cha mursik, akamwaga kidogo kwenye nyasi. Mwalimu alinikabidhi simu, akasogea pembeni, akatugeuzia mgongo kwa heshima.

Simu ile ilikuwa ya sikio moja tu. Kwa hiyo niliishika mdomoni mwa Kogo, yeye akaita jina, kisha nikaileta sikioni mwangu kusikiliza, na Wesley akasema "bado", nami nikatikisa kichwa. Tukaenda hivyo. Kogo hakuita kwa sauti kubwa. Aliita kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Chumo. Bado. Mibei. Bado. Kuna mahali nilimsikia Mercy akicheka, na mtoto akikoroma kama kidude cha kukamulia. Koskei. Bado. Sauti ya Kogo ilianza kukauka. Maritim. Nilipoileta simu sikioni, nilisikia ule mlio mkavu wa laini iliyokatika. Tuut, tuut, tuut. Nilifungua mdomo nimwambie. Lakini Kogo hakuwa ananiangalia. Alikuwa anatazama ng'ambo ya bonde, na midomo yake ilikuwa inafanya kazi bila kutoa kitu, na nikaelewa kwamba majina yamekwisha, limebaki moja. Alivuta pumzi. Niliirudisha simu mdomoni mwake, imekufa. Akasema, "Sigei."

Lilikuwa jina la baba yangu. Sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu kaburi. Nikaiweka simu sikioni, nikasikiliza ukimya, na nikasema, "Amepiga chafya."

Kogo alikaa chini kwenye nyasi na gauni lake la Pasaka, kama mtu aliyekatwa kamba. "Sema tena." Nikasema tena. Na hapo hapo simu ikaita mkononi mwangu, Wesley anapiga kutoka Minnesota. Nilibonyeza nikiwa nimepanga kumwahi, kumwambia neno moja tu kabla ya mengine, lakini Kogo, ambaye hakuwahi kugusa simu maishani, alininyang'anya kwa mikono yote miwili na kuibana sikioni. Nilijua atakachosema Wesley: Mama, ilikatika, nilisikia hadi Maritim. Kogo akauliza kwa sauti ya chini, "Wesley. Ni nani amekuja?"

Kulikuwa na kimya. Simu ile ilikuwa na sauti kali, na niliusikia upepo wa laini ukivuma, na mtoto akilalamika mbali. Kisha Wesley akajibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Sigei, Mama. Ni Sigei amekuja."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Jina hilo lilitoka kinywani mwa Kogo baada ya laini kukatika, na halikufika Minnesota. Nililia hapo hapo kando ya chai, kwa sauti, mbele ya Mwalimu, na Kogo, akiwa bado ameibana simu, aliniwekea kidole mdomoni akaniambia ninyamaze, nisije nikamwamsha mtoto.